Siku Niliyosafisha Sayari

Niaje vijana. Nimeombwa niwaandikie kidogo juu ya kazi ya picha, kwa sababu nimeiacha nikiwa bado na macho mawili mazima na mikono isiyotetemeka, na watu wa namna hiyo ni wachache. Sikustaafishwa na mtu. Nilijistaafisha mwenyewe, nikamwachia binti yangu studio, na siku hizi nakaa nje kwenye kiti cha plastiki nikiwaangalia mkiingia kutafuta sura nzuri.

Jina langu ni Barasa. Ukifika Kawangware, kituo cha 46, uliza Barasa wa Picha, utaonyeshwa mlango hata na mtoto. Shule niliachia darasa la sita. Nasema bila aibu, kwa sababu nimepiga picha watu wenye digrii tatu waliofunga tai vibaya, na ni mimi niliyewafunga upya. Nimepiga maharusi, marehemu, wagombea viti, ubatizo, na mbuzi wa mahari waliokataa kutulia. Na nimepiga sayari. Najua hiyo ya sayari ndiyo mnataka, lakini ngojeni kidogo. Bila kuielewa kazi yenyewe hamtaelewa nilivyoiharibu.

Neno kubwa katika kazi hii ni kusafisha. Zamani ulikuwa ukishapiga picha unaipeleka ikasafishwe, yaani filamu inaingia kwenye dawa ndani ya chumba cha giza, na sura zinajitokeza polepole kama mtu anayeamka. Mzee aliyenifundisha alikuwa na studio ya mbao huko Laini Saba, Kibera, karibu sana na reli. Treni ikipita tulikuwa tunaacha kila kitu na kushika beseni za dawa zisimwagike. Kusafisha kwa pili kulikuwa kwa penseli. Mzee alikuwa na penseli ameichonga kama sindano. Anaishika negativu, ile filamu yenyewe, mbele ya taa, anagusagusa pale penye chunusi, na picha ikitoka chunusi haipo.

"Barasa," aliniambia, "mteja hakuja hapa kuona chunusi. Chunusi anayo nyumbani."

Hiyo penseli niliijua mpaka nikampita mzee, na yeye mwenyewe alikiri. Kisha filamu zikafa, kompyuta zikaingia. Wenzangu walilia. Mimi nilikaa mbele ya ile kompyuta siku tatu, nikaulizauliza, nikakosea, siku ya nne nikawa mwalimu. Ndani ya programu kuna kiduara kidogo. Unakiweka juu ya doa, unabofya, doa linakwisha. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimesafisha arusi nzima, bibi na bwana na wasimamizi. Ilifika mahali hata siangalii. Mkono ulikuwa unajua wenyewe. Hapo mkumbuke, mkono ulikuwa unajua wenyewe.

Kitu kingine mjue. Kamera ikizeeka inaingiza vumbi ndani, na kila chembe inaacha doa jeusi mahali palepale kwenye kila picha. Yangu ilikuwa na chembe tatu. Nilizijua kama meno yangu: moja juu kushoto, moja karibu na katikati, moja chini kabisa. Kila picha nazitoa zote tatu, halafu ndiyo naanza kazi.

Sasa Odera. Odera ni fundi wa kuchomelea vyuma, na tulijuana Laini Saba kibanda chake kikiwa cha pili kutoka studio ya mzee. Nilipokuwa kijana nilifikiri macho ya mpiga picha ni ya chuma. Nikasimama nikimwangalia akichomelea geti, bila kioo, nikitafuta namna ya kupiga zile cheche. Asubuhi nikaamka macho yamejaa mchanga ambao haupo. Nililia kama niliyefiwa. Odera akaja na viazi mbatata vibichi amevikata vipande, akanibandika machoni.

"Pole, bwana kamera," akasema. "Sasa umejua kuna vitu haviangaliwi bure."

Kutoka siku hiyo nilimheshimu, ingawa sikumwambia. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba vioo vya kuchomelea vina namba, na si kila namba inatosha. Kile cha kawaida cha geti na madirisha, usikielekeze kwenye jua. Cha jua ni kumi na nne, kizito, ukikishika mchana wa kawaida huoni hata kidole chako. Na kwenye kamera kioo kinakaa mbele ya lenzi, si nyuma karibu na jicho. Nyuma jua limeshakusanywa, linapasua kioo halafu linapasua jicho. Msiseme hamkuambiwa.

Aliyetuingiza kwenye mambo ya mbinguni ni Madam Rhoda, mwalimu anayeishi Riruta Satellite. Alikuja studio kunikodi kwa kazi moja ndogo, akaniuliza kama naweza kupiga picha ya mwezi. Nikamwambia Barasa hapigi kwa kujaribu, Barasa anapiga. Ile picha ya kwanza ilitoka kama taa ya barabarani kwenye ukungu. Ya nne ilikuwa na milima. Madam akaileta darubini yake ndogo, mimi nikamleta Odera atuchomelee miguu ya kuishikilia, na tukawa watu watatu wenye ugonjwa mmoja.

Tatizo lilikuwa mahali pa kusimama. Dirisha la Madam linaangalia ukuta wa gorofa nyingine. Kwangu ni mabati na nyaya. Pazuri palikuwa mahali pamoja tu, juu ya gorofa ya Shosho Njoki, nyanya wa mtaa mzima, pale 46. Shosho ni mwenye ploti, familia yao ilikuwa na shamba hapo kabla hata ya barabara. Paa lake ni la simiti, tambarare, na upande wa magharibi hakuna kitu mpaka Ngong. Alitupa ruhusa kwa sababu nilikuwa nimempiga picha yeye na kikundi chao cha akina mama wa kanisa, na alizipenda. Miaka miwili tulipanda huko. Yeye hakuwahi kupanda, magoti yalikuwa yamekataa ngazi.

Sasa sikilizeni tatizo la maneno. Nairobi hii ukisema unafuatilia nyota, watu hawafikirii mbingu. Wanafikiria zile karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za stima: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota. Na mwaka ule, ule wa mwisho kabla ya korona, mtu akabandika karatasi ya namna hiyo kwenye nguzo iliyo mbele ya geti la Shosho. Wapangaji wakajumlisha. Watu watatu, wanapanda juu na bomba jeusi, wanakaa kimya wakiangalia juu. Habari ikafika kanisani kabla yetu.

Shosho akaniita.

"Barasa, wewe ni mtu wa kanisa ama wewe ni mtu wa nyota?"

"Shosho, hiyo nyota si ile."

"Kwani ziko ngapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia Jumatatu inayokuja sayari inaitwa Zebaki, ile iliyo karibu zaidi na jua, itapita mbele ya jua mchana kweupe, na sisi tutaipiga picha. Hakuna mganga anayefanya kazi saa kumi mchana mbele ya nguo zilizoanikwa.

Shosho alifikiri sana. Kisha akaweka kufuli mezani, kufuli jipya bado liko kwenye karatasi yake.

"Mimi siwezi kupanda nione. Jumapili yake nikitoka kanisani mniletee hiyo picha hapa. Nikiona sayari, mtaendelea. Nisipoona, hii kufuli inaenda kwa mlango wa juu. Sitaki kuulizwa tena na akina mama."

Nilimpelekea Madam Rhoda hayo maneno na nikaona uso wake ukisawijika. Miaka kadhaa nyuma sayari nyingine, Zuhura, ilipita mbele ya jua, asubuhi, na Madam alikuwa amesimama kwenye uwanja wa shule na mawingu yakafunika kila kitu. Zuhura haitapita tena mpaka sisi sote na watoto wetu tuwe tumezikwa. Zebaki inapita mara nyingi kidogo, lakini hii ikienda, kutoka Nairobi ni kungoja miaka kumi na mitatu. Na bila lile paa hakuna cha kungojea.

"Barasa," akaniambia, "nakuomba picha moja tu."

"Madam, moja ni matusi. Nitakuletea ya kuwekwa kwenye fremu."

Jumatatu tukapanda. Ilikuwa Novemba, na mnajua Novemba yetu. Wingu juu ya wingu. Odera alikuwa amenitengenezea pete kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ameshikilia kioo namba kumi na nne mbele ya lenzi yangu ndefu, hakuna mwanga unaopenya pembeni. Kazi safi. Madam akaielekeza darubini yake kwa njia nyingine: haangalii ndani, anaacha jua lipite na kuanguka kwenye kadibodi nyeupe, linatokea duara kubwa kama kifuniko cha sufuria. Odera akachukua penseli yake ya kupimia vyuma, akachora lile duara, akakaa chini. Kila wingu likifunguka, anaweka nukta pale Zebaki ilipo na kuandika saa kando yake. Vidole vyake vina grisi ambayo hata ubatizo wa pili hautaitoa. Kadibodi ilijaa alama za dole gumba, na chai ikamwagikia pembe moja.

"Odera," nikamwambia, "hiyo ni kazi ya watoto wa nasari."

"Piga picha zako, baba. Wacha nasari isome."

Niliiona Zebaki kwa mara ya kwanza kwenye ile kadibodi. Niwaambie ukweli, nilikuwa nategemea kitu cha kutisha. Niliona nukta. Nyeusi, duara kamili, ndogo kama mbegu ya sukuma wiki.

"Hiyo ndiyo sayari nzima?" nikauliza.

"Ni dunia nzima, Barasa," Madam akasema. "Ndogo kuliko yetu, lakini nzima." Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Nilipiga kumi na moja. Kupitia kioo kile jua linatoka kijani.

"Jua ya Kawangware imekuwa sukuma," Odera akasema aliponichungulia begani.

Kumi zilikuwa na wingu ama mtikisiko, nikazifuta palepale, kwa sababu picha mbaya hailali kwenye kamera yangu. Hiyo ndiyo sheria yangu tangu nianze, mteja asione kosa lako hata kwa bahati mbaya. Ilibaki moja, na hiyo moja ilikuwa kali kama wembe. Jua likaingia kwenye wingu la Ngong na nukta yetu karibu na katikati. Tulishuka tukiimba.

Alhamisi nilihamisha ile picha kwenye kompyuta, nikafuta kadi ya kamera maana Ijumaa nilikuwa na arusi. Jumamosi asubuhi nikakaa kulibadilisha jua kutoka kijani liwe la manjano, rangi ambayo Shosho ataijua. Kukawa na mama mmoja amesimama nyuma yangu akilalamika kwamba kwenye picha za arusi dadake ameonekana mnene. Nikawa namjibu. Namwambia mama, kamera haimnenepeshi mtu, ni pilau. Na huku nikimjibu mkono ukawa unafanya kazi yake. Doa la juu kushoto, bofya. La katikati, bofya. La chini, bofya. Bofya tena. Nikahifadhi juu ya ile ile, kama kawaida yangu, kwa sababu fundi anayejiamini hahitaji nakala mbili. Nikaprinti kubwa, nikatia kwenye fremu ya dhahabu, nikaifunga kwa karatasi. Nilipiga mluzi njia nzima.

Jumapili tukakaa sebuleni kwa Shosho, sisi watatu tumevaa kama watu wa posa. Chai ikaja. Kufuli lilikuwa bado mezani, karibu na sukari. Nikaifungua ile karatasi kwa madoido, nikampa.

Shosho akavaa miwani.

"Imetoka vizuri," akasema. "Iko kama kiini cha yai." Akaigeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa sayari ndiyo gani?"

Nikainuka nimwonyeshe. Kidole changu kikaenda karibu na katikati, kikasimama. Kikaenda kushoto kidogo. Kikarudi. Jua lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nikaukumbuka ule mbofyo wa nne.

Madam Rhoda akaichukua fremu. Akaiangalia, akaniangalia.

"Barasa. Ulifanya nini?"

"Nilisafisha," nikasema.

Odera alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa, akashika meza. "Shosho! Yule mganga mlikuwa mnatafuta, ni huyu! Amesafisha nyota mpaka imeisha!"

Shosho hakucheka. Mkono wake ukaenda kwenye kufuli.

"Kwa hiyo hakuna kitu," akasema.

Vijana, mimi si mtu wa kukubali kosa. Mke wangu atawaambia. Lakini nilimwona Madam Rhoda ameshika ile fremu magotini kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine, nikasimama. Nikamwambia Shosho, tazama ukuta wako. Ile picha ya arusi ya mjukuu wako, kovu la paji la uso niliondoa mimi. Ile ya marehemu mzee wako, jicho lililolegea niliinua mimi. Na ile ya akina mama wa kanisa, Shosho, una alama nyeusi shavuni, kubwa, angalia kama iko. Kila kitu kilicho na doa kikipita mkononi mwangu, doa linakwenda. Sayari ilikuwepo. Nilidhani ni chunusi.

Shosho akaigusa ile alama shavuni.

"Niliona haiko," akasema. "Nikafikiri mashine yako ni mbovu. Sikutaka kukuaibisha."

Hapo Odera aliacha kucheka. Akatoka mpaka kwenye baiskeli yake, akarudi na ile kadibodi imekunjwa mara mbili. Akaiweka mbele ya Shosho. Shosho akainama juu yake. Duara, na nukta nane zikitoka ukingoni kuelekea katikati, kila moja na saa yake kwa mwandiko unaoyumba.

"Hapa mbona pameachwa?"

"Wingu, Shosho."

"Na hapa?"

"Chai."

"Na hii imeruka mstari?"

"Hapo Barasa alinigonga na kiwiko akijisifu."

Shosho akacheka, mara moja tu, kupitia pua. Kisha akafuata nukta kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Akatuambia kwamba alipokuwa msichana walikuja watu wa kupima shamba la babake, na yeye ndiye aliyewashikia mnyororo wa kupimia. Alikaa nyuma yao siku nzima akiwaona wakiandika. Mtu anayeandika kitu kilichotulia, akasema, mwandiko wake hutulia. "Huyu alikuwa anafuata kitu kinatembea." Akaigusa ile alama ya dole gumba. "Hii yako, Barasa, ni nzuri, ni ya kalenda. Lakini hii chafu ndiyo ilikuwa huko."

Madam Rhoda aliinama akafanya kama anatafuta kitu kwenye mkoba. Hakuna alichokuwa anatafuta.

Basi, hayo ndiyo yangu. Kazi hii imenipa nyumba, imesomesha binti, imenipa jina. Mkiifanya, hifadhini ile chafu kwanza, kisha ndiyo msafishe nakala, na huo ushauri nimeulipia. Madam bado anahesabu miaka ya Zebaki kurudi, na amebakisha michache.

Kufuli lilitiwa mlangoni siku hiyo hiyo, Shosho hapendi kitu kipya kikae bure. Lakini ufunguo alimpa Odera, mmoja tu, na akasema mbele yetu sote kwamba usipite mkononi mwangu. Kwa hiyo mpaka leo nikitaka kupanda lazima nimpigie Odera simu, naye lazima aniulize, "Unaenda kuangalia ama kuosha?" Nami namwambia naenda kuangalia. Kisha nasimama chini ya ngazi, Barasa wa Picha mzima, namngoja aje anifungulie.